Rasi ya Portland na Darasa la Jumamosi

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa ukoo wetu, Southampton



Awali ya yote sina budi kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena tukiwa wazima, na kuwakumbuka wale waliokaa nasi katika ukumbi huu mwaka jana ambao mwaka huu hatunao. Pili, naishukuru Kamati kwa kunipa fursa hii. Kamati iliniomba niseme machache juu ya historia ya ukoo tangu Tanga hadi Uingereza. Naomba radhi, kwani historia hiyo imekwisha kuandikwa katika kijitabu chetu mara kadhaa, na walioiandika waliijua kuliko mimi. Leo nitazungumza juu ya ndege. Nawasikia wanaocheka. Mnanijua kuwa mtu wa hesabu, niliyeshika daftari la mweka hazina kwa miaka 11, na mtu wa hesabu hana sifa ya kutazama angani. Lakini mnivumilie. Hesabu itakuja mwishoni, na itanihusu mimi mwenyewe.

Mwanzoni mwa Septemba mwaka jana mjukuu wangu, binti wa miaka tisa, alipewa shuleni kazi ya kuchagua ndege mmoja na kuandika habari zake. Alikuwa na darubini aliyozawadiwa siku yake ya kuzaliwa, na hamu ya kuitumia. Baba yake, ambaye ni mwanangu wa kwanza, akaamua kumpeleka Portland. Nami nikafuatana nao, kwa sababu tangu nilipostaafu sina kazi kubwa zaidi ya kufuatana na watu.

Kwa wasiopafahamu, Portland ni kisiwa cha mawe katika pwani ya kusini ya Uingereza, mkoa wa Dorset. Kimeungana na bara kwa ukingo mwembamba wa kokoto uitwao Chesil, wenye urefu wa kilomita 29 hivi. Mawe yake meupe ndiyo yaliyojengea Kanisa Kuu la St Paul's mjini London. Upande wa kusini kisiwa kinachongoka na kuwa rasi, Waingereza huiita Portland Bill, na juu yake umesimama mnara wa taa mweupe wenye mkanda mwekundu, uliokamilishwa mwaka 1906. Mbele ya mnara ule ni bahari tupu. Mikondo ya bahari hukutana hapo, na maji huchemka hata siku isiyo na upepo.

Tulifika kabla ya jua kuchomoza. Mwanangu alibaki garini kumalizia usingizi, nasi wawili tukashuka. Palikuwa na manyunyu, na ubaridi uliopenya koti. Nilijisemea moyoni kwamba hakuna ndege mwenye akili atakayetoka kwenye hali ile. Kulipopambazuka nikaona kosa langu. Nyasi fupi za rasi zilikuwa zimejaa ndege. Walikuwa juu ya kuta za mawe, kwenye seng'enge za mashamba, na katika kila kichaka, kama abiria waliolala bandarini wakingojea meli.

Sababu yake tulielezwa baadaye. Ndege wadogo wengi wanaohama husafiri usiku, wakiongozwa na nyota na kwa hisia waliyonayo ya nguvu za sumaku za dunia. Wakielekea kusini juu ya Uingereza, hatimaye nchi huwaishia, na rasi kama ile huwakusanya kama mdomo wa faneli unavyokusanya mafuta. Hali ya hewa ikiwa njema hupita juu bila kuonekana. Mawingu na mvua zikiwakuta njiani karibu na alfajiri, hushuka kwenye kipande cha kwanza cha ardhi wanachokiona. Hapo hupumzika na kula, kisha hungoja usiku wenye anga safi na upepo wa kuwasukuma. Kwa hiyo siku mbaya kwa msafiri ndiyo siku njema kwa mtazamaji.

Mjukuu wangu akawa anaelekeza darubini huku na huko, na kila mara ananiuliza, "Babu, huyu nani kwa Kiswahili?" Mtoto huyu Kiswahili chake ni maneno thelathini, pengine arobaini, mengi yao ya chakula. Nadhani aliuliza kwa kunifurahisha mimi tu. Wa kwanza walikuwa mbayuwayu, mamia kwa mamia, wakipita chini chini juu ya nyasi na kutokomea baharini bila kusita. Hao niliwajua. Wa pili shakwe, nao nikawajua. Kisha akanionyesha ndege mmoja aliyesimama wima juu ya jiwe, mgongo wa kijivu, kifua cha rangi ya mchanga. Aliporuka akafunua kiuno cheupe kama theluji, akatua jiwe la pili, akatikisa mkia. Rasi nzima ilikuwa na hao. Nikakaa kimya. "Huyu ni ndege," nikasema. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba hilo alikwisha kulijua.

Ndugu zangu, jibu lile lilinichoma kidogo. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilikulia kwenye ufuko ambako maji yakipwa matope ya mikoko hujaa sululu na vitwitwi, na kila mwaka kabla ya kaskazi kuanza tuliona makundi mapya yakifika, na mbayuwayu wakijipanga juu ya nyaya za simu za barabara ya stesheni. Wazee wetu walikuwa na majina ya ndege wengi kuliko hao. Kekeo, teleka, kozi, kipanga, tetere, shore, chozi, yote niliyasikia. Mengine niliyashika, na mengine niliyaacha yapite, kwa kudhani kwamba yatakuwapo siku zote.

Tukaenda kwenye kituo cha kuangalia ndege. Kimo ndani ya mnara wa zamani wa taa, uliogeuzwa kuwa kituo mwaka 1961. Huko watu hutega nyavu nyepesi bustanini asubuhi na mapema. Ndege akinaswa humpima uzito na bawa, humvisha mguuni pete ndogo yenye namba, kisha humwachia. Kwetu tunasema chanda chema huvikwa pete. Hapo niliona pete ikivikwa mguu mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Ndege mwenyewe, mdogo wa rangi ya kijani na manjano, hakufika uzito wa gramu 10, na alikuwa akielekea Afrika.

Mama mmoja wa makamo, mfanyakazi wa kujitolea, alitueleza kwamba utaratibu wa pete ulianza Uingereza mwaka 1909. Mei 1911 mwanasheria mmoja wa Staffordshire, John Masefield, alimvisha pete mbayuwayu aliyekuwa akitaga nyumbani kwake. Tarehe 23 Desemba 1912 ndege yule yule alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini. Kabla ya hapo watu walikuwa wakibishana mbayuwayu wa Uingereza huenda wapi. Pete moja ikajibu, kwamba mnyama mwenye uzito wa gramu 20 hivi, ambao ni uzito wa sarafu mbili na ushei za pauni moja, huvuka bahari na jangwa la Sahara na misitu ya Afrika, kisha mwakani hurudi kwenye zizi lile lile.

Hapo nikaona nafasi yangu. Nikamwambia yule mama kwa fahari kwamba mimi natoka Tanga, na kwamba bila shaka mbayuwayu wale waliokuwa wakipita dirishani ndio niliowaona utotoni juu ya nyaya za simu. Alinitazama kwa huruma. Akasema wengi wa mbayuwayu wa Uingereza hupita Ufaransa, Hispania na Moroko, wakamalizia safari Afrika Kusini. Wale wanaofika pwani yetu aghalabu hutoka mashariki zaidi, Urusi na Asia. Nikauliza juu ya yule mwenye kiuno cheupe. Akasema hawa wa hapa huenda Afrika Magharibi, nchi kama Senegali na Mali. Nikahisi kama mtu aliyekwenda kumpokea jamaa yake uwanjani akaambiwa ndege hii haina abiria wa Tanga.

Mjukuu wangu akauliza swali ambalo mimi niliona haya kuliuliza: "Sasa wa kwetu ni yupi?"

Yule mama akafikiri, kisha akatupa habari iliyonifurahisha mwaka mzima. Ndege huyu mwenye kiuno cheupe, mwenye uzito wa gramu 25 hivi, huzaliana hata Alaska, huko mwisho wa Marekani, na pia kaskazini mashariki ya Kanada. Watafiti waliwafunga baadhi yao vifaa vidogo vya kupima mwanga, na mwaka 2012 wakatangaza walichokiona. Wale wa Kanada huvuka Bahari ya Atlantiki na kwenda Afrika Magharibi. Wale wa Alaska hawafuati njia hiyo hata kidogo. Huelekea magharibi, huvuka Asia nzima na Bara Arabu, huingia Afrika Mashariki, wakakaa Sudan, Uganda na Kenya. Safari hiyo ni kama kilomita 14,500 kwenda tu, nayo huwachukua miezi mitatu hivi. Kwa hiyo ni ukoo mmoja, wengine Marekani, wengine Kanada, wengine Uingereza, wamepishana njia duniani, na wote msimu ukifika wanakwenda Afrika. Mkiangalia orodha ya anwani zetu katika kurasa za mwisho za kijitabu hiki mtanielewa kwa nini nilicheka.

Lakini kilichonileta mbele yenu leo hakikuwa huyo. Tulipotoka kituoni tulimkuta ndege mwingine kwenye seng'enge ya shamba. Ni mkubwa kuliko njiwa mdogo, mwenye mkia mrefu na michirizi ya kahawia kifuani, peke yake, amejikunyata. Yule mama akatunong'oneza tusimame. Alikuwa kinda wa kekeo wa mwaka ule, amechelewa kuondoka.

Mambo ya kekeo mnayajua. Jike hutaga yai katika kiota cha ndege mwingine, mdogo kuliko yeye, akaondoka. Kinda akianguliwa huyasukuma mayai na makinda ya mwenye nyumba nje ya kiota, akabaki analishwa na mzazi asiyekuwa wake. Jambo nisilolijua ni hili. Wazazi wenyewe, kekeo wakubwa wa Uingereza, huanza kuondoka Juni. Tangu mwaka 2011 shirika la British Trust for Ornithology limekuwa likiwafuatilia kwa mitambo ya satelaiti, na wameonekana wakivuka Sahara na kukaa kipindi cha baridi katika bonde la Kongo. Kinda huyu aliyekuwa kwenye seng'enge hakuwahi kumwona mama yake. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kwenda zamani. Ndege waliomlea ni wa jamii nyingine na wana safari yao nyingine. Na usiku wa leo au wa kesho ataruka kutoka kwenye rasi hii, peke yake, gizani, kwenda bonde la Kongo, kwa sababu njia ameizaliwa nayo.

Mjukuu wangu alimtazama kwa darubini mpaka mikono ikamwuma. Akasema, "Nobody told him." Hakuna aliyemwambia. Nami nilisimama pale, mvua ikinidondokea kofiani, nikajua ya kwamba miaka mingi nimeishi kana kwamba watoto wangu ni kekeo.

Naomba nifafanue. Mwanangu alizaliwa hapa mwaka 1978. Alipoanza shule, mwalimu wake, mtu mwema ambaye sina kinyongo naye, alituita mimi na mke wangu akatushauri tuzungumze Kiingereza nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe. Tukatii. Nyinyi wa rika langu mnajua ya kuwa si sisi peke yetu tulioambiwa hivyo. Mimi nikajipa moyo. Nikasema mtoto ni wa Tanga kwa baba na mama, damu ni yake, Kiswahili kitamjia akiwa mkubwa, kama ndevu zinavyomjia kijana. Ndevu zilikuja.

Yule mama wa kituoni alitusimulia pia jaribio moja la kisayansi, nami nitalirudia kwa sababu limekataa kuniondoka. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Kiholanzi, A. C. Perdeck, aliandika habari za kwezi waliokuwa wakihama kupitia Uholanzi. Kwa kawaida kwezi hao huelekea kusini magharibi, wakakaa kaskazini ya Ufaransa na kusini ya Uingereza. Walikamatwa zaidi ya 11,000, wakavishwa pete, wakapakiwa katika eropleni, wakapelekwa Uswisi, wakaachiwa huko. Sasa angalieni kilichotokea. Wale wakubwa, ambao walikwisha kuifanya safari hiyo hata mara moja, waligundua kwamba wamehamishwa. Waligeuza kichwa kuelekea kaskazini magharibi, wakarudi walikozoea. Wale vijana, ambao hawajapata kuifika nchi ile, walishika mwelekeo ule ule waliozaliwa nao, wakaruka masafa yale yale, wakatokea kusini ya Ufaransa na Hispania. Hawakufanya kosa. Walitii kila walichokuwa nacho. Walichokuwa nacho ni mwelekeo. Mahali penyewe hawakupajua, na aliyepajua hakuwa pamoja nao.

Ndugu zangu, sisi tulipanda eropleni. Sisi wakubwa tukiamshwa usiku wa manane tutasema Tanga iko upande gani, soko liko wapi, kaburi la nani liko chini ya mwembe upi. Watoto wetu wana mwelekeo. Wanapenda biriani, wanavaa kanzu siku ya Idi, wanajua wao ni "wa kule". Mahali penyewe hawapajui, na sisi tunaopajua tumewaacha waruke.

Tuliporudi, garini mtoto alilala. Mwanangu akaniambia jambo ambalo alikuwa hajaniambia kabla. Mnakumbuka enzi zile tulivyokuwa tukiletewa barua za kaseti, mtu akipata msafiri anampa kaseti ndani ya mkoba wa dagaa na unga wa mihogo. Mwaka 1988 mama yangu, Mungu amrehemu, alirekodi kaseti moja kwa ajili ya mjukuu wake. Mimi niliisikiliza siku ile mara moja, nikampa mtoto, nikasahau. Yeye hakuisahau. Amehama nyumba nne na kaseti anayo. Kijana wa duka moja amemhamishia sauti ile kwenye kompyuta, na mwanangu huisikiliza. "Baba," akaniambia, "ni dakika ishirini na saba. Nasikia jina langu mara tisa. Nimehesabu. Mengine sijui."

Mama yangu alifariki mwaka 1998. Alipokuwa hai tulikuwa tukimpigia simu, mtoto anapewa mkono wa simu, anasema "Shikamoo Bibi," anasema "Sijambo," kisha ananirudishia, na mimi nikaona mambo ni mazuri kwa vile heshima imetimia.

Wiki ile nilikaa na mwanangu tukaisikiliza kaseti. Nilimfasiria kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi. Bibi anamsimulia jinsi babu yake mzaa babu alivyovuka kutoka Pangani kwa ngalawa. Anamtania kwamba ni mume wake na amechelewa kuleta mahari. Anamtajia ndege wanaokuja mwembeni. Nikifika kwenye utani nilishindwa. Utani wa bibi na mjukuu wa kiume unafasirika vipi kwa mtu ambaye hajawahi kutaniwa hivyo? Nilimweleza maana, akaitikia kwa adabu. Kucheka hakucheka. Bibi yeye katika kaseti anacheka, na ananyamaza kidogo akingojea naye acheke.

Sasa hesabu niliyowaahidi.

Mwaka 1986 jumuiya hii ilianzisha darasa la Kiswahili kila Jumamosi asubuhi, na watoto 14 walijiandikisha. Mwaka 1989 darasa lilifungwa. Vijana huuliza lilifungwa kwa nini, na wazee hujibu kwamba watoto walikuwa hawaji. Si kweli. Kumbukumbu za mkutano zipo, nami ndiye niliyeziweka. Kodi ya ukumbi ilipanda. Mweka hazina alisimama mbele ya mkutano akasema fedha hazitoshi kwa mambo mawili, kwamba mfuko wa maziko ni wajibu na darasa ni anasa, na kwamba lugha watoto wataipata nyumbani. Mkutano ukamsikiliza kwa sababu alikuwa na takwimu. Mweka hazina huyo ni mimi, na nyumbani kwangu siku hiyo hiyo tulikuwa tukizungumza Kiingereza.

Mfuko wa maziko naufurahia mpaka leo. Umewasitiri wengi wetu, na baadhi umewafikisha Tanga kwa heshima. Siombi uguswe hata senti moja. Nasema tu kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini tumejiandaa vizuri kwa ajili ya safari ya wazee kurudi nyumbani wakiwa hawasemi tena, na hatukutenga kitu kwa ajili ya wazee hao kusema wakiwa bado wana sauti. Waliotangulia walitwambia asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu umewafunza watoto wetu vizuri. Wamekuwa madaktari, mafundi na walimu, nasi tunawaonea fahari. Lakini ulimwengu hauwezi kuwafunza utani wa bibi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, katika kikao cha alasiri nitaleta hoja, na nimekwisha kumpa Katibu maandishi yake. Hoja ni kwamba darasa la Jumamosi lifunguliwe tena kuanzia Oktoba. Ukumbi nimeuulizia. Tukichanga pauni 5 kila nyumba kwa mwezi, nyumba 22 zinatosha kulipia saa mbili kila wiki, na akiba kidogo ya vitabu. Mwalimu wa kuanzia hatamlipa mtu, maana ni mimi. Lugha ya kitaaluma sina, ila nina muda, na nina deni. Naomba kina mama wanisaidie, kwa kuwa hadithi nilizonazo ni chache na zote zinaishia kwenye hesabu. Na watu wazima wanaotaka kujifunza wasione haya. Mmoja amekwisha kujiandikisha, ana kaseti yake mkononi.

Kabla sijakaa, nimalizie habari ya mjukuu wangu na kazi yake ya shule. Nilidhani atamchagua kekeo. Alimchagua yule wa juu ya jiwe, kwa sababu, alisema, huyo ana ndugu kila mahali. Mwalimu wake aliwataka waandike jina la ndege kwa lugha nyingine yoyote wanayoijua. Akanijia na kalamu. Nikamwambia ukweli, kwamba kama yupo mtu kwetu mwenye jina lake, mimi sikulisikia, basi tumpe la kwetu wawili mpaka tulipate la wakubwa. Akafikiri, akaandika kwa herufi kubwa: KIUNO NYEUPE.

Nikamwambia, "Hapana mjukuu wangu. Kiuno cheupe."

"Kwa nini cheupe?"

Ndugu zangu, katika maisha yangu yote hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza swali hilo, kwa kuwa sikuwahi kumsahihisha hata mmoja. Nikavuta kiti. Nikamwambia kiti cheupe, kikombe cheupe, kitabu cheupe. Akaitazama meza, akasema, "Meza cheupe?" Nikasema hapo sasa ndipo tunapoanza.

Jumamosi ya pili ya Septemba, Mungu akipenda, tutakwenda tena Portland alfajiri. Gari la mwanangu lina nafasi tatu, na anayetaka aje na koti zito na chai ya chupa. Hoja yangu iko kwa Katibu. Naomba muipime kwa haki, na msinihurumie kwa sababu ya uzee.